Somo la Uraia: Mlezi Ni Nani?

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo moja la Uraia litakalowafaa wanafunzi, walimu wenzangu, na wazazi wanaolisoma gazeti hili nyumbani. Nimefikiri mambo mengi, kama vile Bunge, kodi na mahakama, lakini hayo yote yamo vitabuni. Nimeona afadhali niandike juu ya neno moja dogo lililo katika fomu ya kujiunga na shule, neno ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama. Neno lenyewe ni "Mlezi".

Mwezi wa Januari, wanafunzi wapya wa Kidato cha Kwanza walipokuja kuandikishwa, nilikaa mezani kuzipokea fomu zao. Mvulana mmoja aliniletea fomu iliyojazwa vizuri kabisa, ila mstari mmoja. Palipoandikwa "Jina la Mzazi au Mlezi" alikuwa ameandika jina la mwanamke. Lakini palipoandikwa "Uhusiano wake na mwanafunzi" ameacha wazi. Nilimwuliza kwa sauti ya chini. Akatazama viatu vyake, asijibu. Sikumwuliza tena, kwa maana mstari ule naujua. Nami uliwahi kunishinda, na habari yake nitaieleza hapa chini.

MAANA YA MANENO

Kwanza tuelewane katika maneno. Mzazi ni yule aliyekuzaa. Mlezi ni yule anayekulisha, kukuvika, kukuuguza, kukupeleka shuleni na kukukanya unapokosa. Aghalabu mzazi na mlezi ni mtu mmoja, ndiyo maana twasahau kwamba hizo ni kazi mbili. Wazee wetu hawakusahau. Walisema, "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Tena walisema, "Mkono mmoja haulei mwana."

Yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi au wazazi. Mama wa kambo, katika usemi wa kila siku, ni mke wa baba asiyekuzaa, na hadithi nyingi za utotoni zimemchafulia jina mwanamke huyu, kana kwamba wote ni wakali. Basi msomaji asishangae akisikia maafisa wa Serikali wakisema "malezi ya kambo". Wao hawana maana ya ukali wala ya mke wa pili. Maana yao ni kulea kwa muda, chini ya sheria, mtoto ambaye si wako wa kumzaa. Na kuasili ni jambo jingine tena: ni kumfanya mtoto huyo awe wako moja kwa moja kwa amri ya Mahakama Kuu.

DESTURI YA WALUGURU

Katika milima hii ya Uluguru tunayoiona kila asubuhi kutoka uwanja wa shule, kulea mtoto wa mwingine si jambo geni. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ukoo huo huitwa lukolo, nao ndio uliokuwa ukishika ardhi. Tawi dogo la ukoo, yaani watu waliotokana na bibi mmoja, huitwa tombo, na maana yake ni titi. Anayekwenda Matombo ataona vilele viwili vilivyosimama pamoja kama matiti ya mama, na ndipo jina la mahali pale lilipotoka. Mimi napenda kuwaambia wanafunzi kwamba kwa Mluguru hata jina la tawi la ukoo linakumbusha kunyonyesha.

Kwa desturi hiyo, mama akifa mtoto habaki peke yake. Dada ya mama hasemwi kuwa ni shangazi wala jirani, bali ni mama, mkubwa au mdogo. Kaka ya mama, yaani mjomba, ana sauti kubwa juu ya mtoto, na ndiye wa kuulizwa katika mambo ya ndoa, mashamba na ugomvi. Bibi mzaa mama naye yupo. Siku hizi mambo yamebadilika, watu wengi wamehamia mijini, na akina baba wengi huwapa watoto wao mashamba waliyoyanunua. Lakini mpaka leo ukipanda mpaka Kinole au Mgeta utaona nyumba ambazo watoto sita wanakula sahani moja, na mgeni hawezi kujua ni yupi aliyezaliwa humo na ni yupi aliyeletwa.

Kwa hiyo twaweza kusema kwamba walezi walikuwapo kabla ya fomu na kabla ya sheria. Lakini hapa swali linatujia. Ikiwa ukoo ndio unaomlea yatima, je, mtoto asiye na ukoo mahali pale atalelewa na nani?

MTOTO ASIYE NA UKOO

Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo, basi naomba ruhusa niseme habari zangu kidogo.

Chini ya milima, katika uwanda wa Morogoro, yalikuwapo mashamba makubwa ya mkonge. Tangu zamani za ukoloni watu waliletwa kutoka mbali kufanya kazi humo, nao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Baba yangu alitoka kusini. Mama yangu alifariki katika uzazi mwaka 1971, nami nilikuwa na miaka mitatu. Mwaka 1975 baba naye aliugua akafa. Katika kambi ile watu walikuwa wa makabila mengi na kila mmoja alikuwa na mzigo wake. Kwetu kulikuwa mbali, na hapakuwa na mtu aliyejua jina la kijiji chetu.

Mwanamke mmoja wa Kiluguru alikuwa akishuka kutoka milimani kila juma kuuza ndizi na mboga pale kambini. Baba alikuwa akinunua kwake. Siku aliposikia msiba, aliuza ndizi zake, akakaa chini akanitazama, kisha akaniuliza kama naweza kutembea mlimani. Nikasema naweza. Nilitembea nusu ya njia. Nusu iliyobaki alinibeba, na tenga lake tupu likiwa kichwani.

Nyumbani kwake palikuwa na watoto wanne. Kaka yake, ambaye ndiye mwenye sauti katika tombo lao, hakufurahi. Alisema, "Mtoto huyu hana lukolo kwetu. Kesho akiwa mkubwa ataomba ardhi, nasi tutampa ya nani?" Msomaji asimwone kuwa mtu mbaya. Ardhi ya mlimani ni finyu, nayo ilikuwa ya watoto wa ukoo. Hofu yake ilikuwa ya haki. Dada yake alijibu, "Kaka, mimi sijaomba ardhi. Nimeomba maji yaongezwe katika chungu, basi." Nikabaki.

Nilipofika miaka 12 niliomba kipande cha kupanda migomba yangu mwenyewe. Nilipewa kwa desturi ya mgeni: nilitoa ngoto, ndiyo zawadi ndogo ya kukiri kwamba ardhi ni ya ukoo wala si yangu. Yangu ilikuwa jogoo mmoja. Mjomba alimpokea kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo nilimwita Mjomba bila kutetemeka.

FOMU YA MWAKA 1983

Mwaka 1983 nilichaguliwa kuingia sekondari. Miaka ile ilikuwa ya uhaba. Sabuni, nguo na viatu vilipatikana kwa shida. Mama, kwa maana hivyo ndivyo nilivyomwita nyumbani, aliuza mikungu ya ndizi na kuku wawili, na viatu vikapatikana, ingawa vilikuwa vikubwa kidogo. Kisha ikaja fomu ya shule.

Nilikaa uani nikaijaza. Nilipofika penye "Uhusiano" kalamu ilisimama. Niliwafikiri wavulana wenzangu, ambao wataandika "Baba" au "Mama" bila kufikiri. Niliona nikiandika "Mama" nitaulizwa kwa nini jina langu ni la kusini na lake ni la Kiluguru. Nikaogopa kuchekwa. Nikaandika "Jirani".

Nilisahau jambo moja. Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata kisomo kilifika mpaka vijiji vya juu milimani. Mama alikuwa amesoma kisomo kile. Alipopewa fomu atie sahihi, hakutafuta wino wa dole gumba. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, na kidole chake kikafika penye "Jirani". Kikasimama. Akainua macho, akatazama bonde lote mpaka upande wa pili, kisha akaniuliza, "Jirani huyu, nyumba yake iko wapi? Maana mimi hapa naona nyumba moja tu."

Sikuwa na jibu. Akatia sahihi yake polepole, akanirudishia fomu, akaenda kuchochea moto. Tangu siku hiyo mpaka kufa kwake hakulitaja jambo lile tena. Asubuhi yake Mjomba, yule aliyesema sina lukolo, alilibeba sanduku langu kichwani mpaka barabarani.

Nimeandika aibu hii si kwa kuipenda, bali kwa kuwa najua wapo wanafunzi katika shule hii ambao kalamu zao zimesimama palepale.

SHERIA INASEMAJE

Siku hizi Tanzania ina Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009. Sheria hiyo husema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na kwamba katika kila jambo linalomhusu, faida yake itazamwe kwanza. Mtoto ana haki ya kutoa maoni yake, na hairuhusiwi kumbagua. Sheria hiyohiyo inaeleza habari za malezi ya kambo, na mwaka 2012 zikatolewa kanuni zake.

Kwa ufupi kazi huenda hivi. Mtu anayetaka kumlea mtoto asiye wa jamaa yake hupeleka maombi yake kwa idara ya ustawi wa jamii. Afisa humchunguza: tabia yake, nyumba yake, na watu anaokaa nao. Akikubaliwa hupewa mtoto, na afisa huendelea kuwatembelea. Malezi ya kambo hayavunji uhusiano wa mtoto na wazazi wake wa damu. Ikiwezekana, mtoto hurudi kwao. Kuasili ni kinyume, kwa maana haki na wajibu wa wazazi wa kwanza huhamia kwa wale wapya.

Huenda mzazi mmoja akauliza, "Mtu anataka kufanya wema, ya nini kumchunguza?" Swali hili lina jibu la kusikitisha. Katika Uingereza, mwezi wa Januari 1945, mtoto wa miaka 12 aitwaye Dennis O'Neill alikufa kwa kupigwa na kunyimwa chakula katika shamba alikopelekwa alelewe. Wakuu waliompeleka hawakumwangalia kama ilivyopasa. Watu wa nchi ile walishtuka sana, na sheria mpya ya watoto ikapitishwa mwaka 1948. Basi uchunguzi si dharau kwa mlezi mwema. Ni ukuta wa kumzuia mlezi mbaya, na mlezi mwema hapungukiwi kitu kwa kuwa nyuma ya ukuta huo.

Wala hatuna haja ya kwenda Uingereza kutafuta hatari. Wapo watu wanaopanda vijijini wakasema, "Nipeni binti huyu nikamlee mjini, atasoma." Akifika mjini hasomi, anaamka kabla ya wote, analala baada ya wote, na jina lake huwa "dada wa kazi". Huko si kulea. Sheria yetu imeweka umri wa chini kabisa wa kuajiriwa kuwa miaka 14, tena kwa kazi nyepesi isiyomzuia kusoma.

KIPIMO CHA MALEZI

Basi tutapimaje? Mimi natumia maswali matatu. La kwanza: mtoto huyu anakula pamoja na wengine, na chakula kilekile? La pili: anakwenda shule kama wao? La tatu: akikosa, anaadhibiwa kama wao, si zaidi wala si pungufu?

Nelson Mandela wa Afrika Kusini alifiwa na baba yake angali mtoto. Alipelekwa kwa Jongintaba, mtawala wa Wathembu, akalelewa pamoja na mwana wa mtawala huyo na kusomeshwa pamoja naye. Hatuwezi kusema kwamba kila yatima atakuwa Mandela. Lakini twaweza kusema kwamba Jongintaba hakujua mtoto yule atakuwa nani, na hata hivyo alimtendea kama mwanawe. Malezi hutolewa kabla matunda hayajaonekana.

Hatuna budi pia kuwakumbuka mabibi na mababu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata wazee wengi, huko na kwingineko, waliwazika watoto wao kisha wakaanza upya kulea wajukuu, wakati ambapo wao wenyewe walistahili kulelewa. Zanzibar, mwezi wa Aprili 2016, ilianza kuwapa wazee wote wenye miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha hiyo imewekwa kwa ajili ya mzee, lakini anayemjua bibi anajua kwamba hawezi kula mjukuu akimtazama.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 shule za sekondari za Serikali hazitozi ada Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Lakini daftari, sare, viatu na nauli bado hununuliwa. Mtu aliyeongeza mtoto mmoja nyumbani ameongeza vyote hivyo.

YATUPASAYO

Kwa wanafunzi: wewe unayelelewa, usiione aibu nyumba iliyokufungulia mlango. Shukrani haihitaji fedha. Kuandika jina la mlezi wako waziwazi ni shukrani, kusoma kwa bidii ni shukrani. Lakini shukrani si kunyamazia maovu. Ukitendewa vibaya, mwambie mwalimu unayemwamini au afisa wa ustawi wa jamii. Nawe unayekaa na wazazi wako, usimwulize mwenzako mbele ya watu, "Baba yako yuko wapi?"

Kwa walimu wenzangu: tunapoitisha mkutano tuseme "wazazi na walezi", wala tusimalizie kwa "wazazi" tu. Tusiwasimamishe yatima darasani tukiwahesabu. Msaada ukija, waitwe mmoja mmoja, kwa siri.

Kwa wazazi na walezi: mtoto anayeletwa nyumbani huja na huzuni yake. Huenda akawa mkaidi, akakojoa kitandani, akaficha chakula chini ya mto. Mimi nilificha ndizi kwa mwaka mzima. Mama alizijua, akaziacha mpaka mimi mwenyewe nikachoka na harufu yake. Na watoto wa nyumbani nao wastahili sifa, kwa kuwa wao ndio waliogawa kitanda na mama yao. Wale wanne waliogawana nami wake ni ndugu zangu mpaka leo.

Mama alifariki mwaka 2006. Nilipanda mlimani usiku, nikafika alfajiri. Watoto wa marehemu walikuwa wamewekwa kwenye mkeka wao, nami nikasimama nje pamoja na wageni, kwa maana sikujua mahali pangu. Mjomba, akiwa mzee sana na macho yamekwisha kuwa hafifu, aliuliza, "Wako wangapi mkekani?" Wakamjibu, "Wanne." Akasema, "Hesabu haijatimia. Mleteni wa tano."

Kile kipande cha migomba nilikirudisha kwa ukoo, kama desturi itakavyo. Sikudai, na hapana aliyenifukuza.

Mvulana niliyemtaja mwanzoni alirudi mezani kwangu siku ya pili. Nilimpa kalamu, nikamwambia kwamba mimi niliwahi kuandika uongo katika mstari ule, na ya kwamba yeye hana haja. Aliinama akaandika herufi nne. Nilipiga mhuri.

MASWALI YA KUJADILI

1. Eleza tofauti kati ya malezi ya kambo na kuasili.
2. Katika kabila lenu, mtoto aliyefiwa na mama hulelewa na nani? Waulize wazee, uandike majibu yao.
3. Mjomba katika habari hii aliogopa jambo gani? Je, hofu yake ilikuwa ya haki?
4. Taja dalili tatu za mtoto anayetumikishwa kwa jina la kulelewa.
5. Andika barua fupi kwa mtu aliyekulea, awe mzazi au asiwe mzazi. Barua hii haitasahihishwa. Ipeleke kwa mwenyewe.